Pesa ya Chuo Ina Wenyewe: Jinsi Ofisi za Fedha na Utawala Zinavyobeba Masomo na Utafiti

Chuo kikuu kinaweza kutangaza Jumatatu kwamba kimepata ruzuku nono ya utafiti, na kabla wiki haijaisha mkuu wa idara akaambiwa hakuna fedha za kumlipa mhadhiri wa muda wa somo la mwaka wa kwanza. Wanafunzi wakisikia hivyo husema uongozi unadanganya. Wahadhiri nao husema hivyohivyo, ila kwa sauti ya chini. Mara nyingi hakuna anayedanganya. Fedha za ruzuku zipo, za mhadhiri hazipo, na kanuni inayokataza zile za kwanza zisizibe pengo la pili ndiyo inayokifanya chuo kiaminiwe kesho na mfadhili mwingine.

Anayetaka kuelewa kazi ya ofisi za fedha na utawala aanzie hapo. Pesa ya chuo si fungu moja kubwa linalokaa benki likimsubiri mwenye shida wa kwanza. Ina wenyewe. Ada imelipwa na mwanafunzi ili afundishwe, atahiniwe na apewe cheti chake. Ruzuku ya serikali kwa kawaida huja imekwishagawanywa, mishahara huku, matumizi ya maendeleo kule, na kuhamisha kutoka fungu moja kwenda jingine kunataka kibali. Ruzuku ya utafiti ina mkataba, na ndani ya mkataba kuna bajeti ya mstari kwa mstari: hiki ni cha vifaa, hiki cha safari za uwandani, hiki cha posho za wasaidizi, kikibaki hurudishwa kwa mwenyewe. Fedha za wakfu ndizo zenye masharti makali kupita zote, kwa sababu mtaji haugusiki. Kinachotumika ni sehemu ya faida tu, tena kwa kazi ile aliyoitaja mtoaji, hata kama amefariki miaka mia iliyopita. Ukishaondoa hayo yote, kiasi ambacho uongozi unaweza kukiamulia kwa hiari yake huwa kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Hata vyuo tajiri viko hivyo. Harvard, chenye wakfu mkubwa kuliko chuo kingine chochote duniani, kilifunga mwaka wa fedha wa 2024 kikiwa na wakfu wa dola zaidi ya bilioni 50. Ukiufungua mfuko huo unakuta ndani yake mifuko midogo zaidi ya 14,000, mingi kati ya hiyo ikiwa na masharti ya mtoaji: huu wa kiti cha profesa wa somo fulani, ule wa maktaba, mwingine wa wanafunzi wasiojiweza. Chuo huchota takriban asilimia 5 ya thamani yake kwa mwaka ili vizazi vijavyo navyo vikute kitu. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini chuo chenye mabilioni kinabana matumizi ana swali zuri, na jibu lake limo ndani ya hati 14,000 ambazo lazima kuwe na watu wa kuzisoma, kuzitunza na kuzitii.

Watu hao wakizembea, madhara yanafika darasani. Mfano ninaoupa uzito mkubwa ni wa Laurentian, chuo kikuu cha umma katika mji wa Sudbury, Ontario, nchini Canada. Februari 2021 kiliomba mahakama ikilinde dhidi ya wadai wake, kikawa chuo kikuu cha kwanza cha umma nchini humo kutumia sheria iliyotungwa kwa ajili ya makampuni yaliyoelemewa na madeni. Miongoni mwa yaliyobainika ni kwamba fedha za ruzuku za utafiti na michango ya wafadhili zilikuwa zimechanganywa na fedha za matumizi ya kila siku katika akaunti moja. Watafiti waliokuwa na barua za ruzuku mkononi waligundua kwamba pesa ya miradi yao ilikuwa imekwishakwenda kwenye matumizi mengine. Mkaguzi Mkuu wa Ontario alipochunguza, alieleza kwamba chanzo kikuu cha anguko kilikuwa upanuzi wa majengo usiosimamiwa vizuri katika miaka ya 2010, uliokiingiza chuo kwenye madeni.

Aprili mwaka huohuo chuo kilifuta programu 69 kwa mpigo na kuwaachisha kazi karibu watu 200. Fizikia ilifutwa, katika mji wenye SNOLAB, maabara ya chini ya ardhi iliyokua kutokana na kazi ya nutrino, chembe ndogo mno za maumbile, iliyoleta Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015. Programu ya ukunga, iliyokuwa ikifundisha kwa Kiingereza na Kifaransa, nayo ikaondoka. Hakuna mhadhiri wa fizikia aliyefundisha vibaya na hakuna mkunga mwanafunzi aliyefeli. Kosa lilikuwa la miaka mingi na lilikuwa la hesabu: pesa yenye wenyewe ilitumika kama pesa isiyo na mwenyewe, na waliopaswa kupaza sauti mapema ama walinyamaza ama hawakusikilizwa.

Ndiyo maana siafiki mazoea ya kuziita idara hizi "za usaidizi", kana kwamba ziko pembeni ya shughuli. Vyuo vimejua hivyo tangu mwanzo. Bologna ya karne ya 13, ambako wanafunzi ndio waliowaajiri walimu, ilikuwa na taratibu za kumtoza faini mwalimu aliyechelewa kuanza kipindi. Oxford ilipata sanduku lake la kwanza la mikopo mwaka 1240, Sanduku la Mtakatifu Frideswide, kwa kanuni zilizowekwa na Robert Grosseteste, askofu wa Lincoln. Mwanafunzi asiye na uwezo aliweka rehani, mara nyingi kitabu, akakopeshwa bila riba. Masanduku ya vyuo vya zama hizo yalifungwa kwa kufuli zaidi ya moja na funguo zikashikwa na watu tofauti, ili pasiwe na mtu mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Kanuni hiyo ya funguo haijabadilika hata leo. Anayeomba malipo si anayeyaidhinisha, anayeidhinisha si anayelipa, na anayelipa si anayelinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Mlolongo wa saini unaowakera watu wengi ndio kufuli zenyewe.

Tuufuate mlolongo huo kwa kitu kimoja kidogo: vimeng'enya vya maabara ya baiolojia, vinavyohifadhiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mhadhiri anaandika dokezo kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara anathibitisha kwamba ni kwa ajili ya somo lililo kwenye ratiba, kisha mhasibu wa kitivo anaangalia kama fungu lina salio. Hatua hii ya salio watu huiona ya kikarani tu, lakini ndiyo inayokikinga chuo kisiahidi pesa ambayo haipo. Salio likiwepo, kiasi hicho hufungiwa palepale ili mwingine asikitumie huku zabuni ikiendelea. Kitengo cha ununuzi kinaomba nukuu za bei kwa wazabuni kadhaa na kulinganisha bei, ubora na muda wa kufikisha mzigo. Oda inatoka. Mzigo ukifika, mtunza bohari anahesabu na kusaini hati ya mapokezi. Ankara ya mzabuni inapoingia, mhasibu anaweka karatasi tatu mezani: oda, hati ya mapokezi, ankara. Zikisema kitu kimoja, analipa. Zikitofautiana, hata kwa chupa moja, anauliza kwanza. Huko kulinganisha karatasi tatu kumezuia wizi mwingi usiotangazwa, kwa sababu wizi uliozuiliwa hauna habari ya kuandikwa.

Sasa fikiria mzigo ule umefika Ijumaa saa kumi jioni. Mtunza bohari asiyejua kilichomo ataupokea, atasaini, atauweka kwenye rafu na kwenda nyumbani. Jumatatu vimeng'enya vimekufa, hati zote ziko sawasawa, mkaguzi hataona dosari, na wanafunzi watafanya jaribio lisilotoa matokeo. Mtunza bohari anayejua anapokea, anasoma lebo, anampigia simu fundi wa maabara na hafungi ofisi mpaka boksi limeingia kwenye friji. Mishahara yao ni sawa na fomu wanazojaza ni zilezile. Kilichowatofautisha ni kwamba mmoja anajua kazi yake inaishia wapi. Kama ningeulizwa utawala unaunga mkono dhamira ya chuo kwa namna gani, ningeonyesha simu ile ya Ijumaa jioni kabla ya kuonyesha mpango mkakati wowote.

Mlolongo huohuo unaweza pia kuua kazi. Tatizo kubwa ninaloliona ni taratibu zilizotungwa kwa ajili ya jengo la ghorofa kutumika kununulia boksi la glavu. Chuo kinachojielewa huweka viwango: vitu vya bei ndogo vinunuliwe na idara kwa fedha taslimu iliyotengwa na kuhakikiwa kila mwezi, vya kati kwa nukuu, vikubwa kwa zabuni ya wazi na kamati. Viwango hivyo visipopandishwa kadiri bei zinavyopanda, baada ya miaka kumi kila kitu kinakuwa kikubwa na kila kitu kinasubiri kamati.

Masurufu nayo yana mambo yake. Mtafiti anachukua fedha za safari ya uwandani, na akirudi anatakiwa kuzirejesha kwa risiti ndani ya siku zilizowekwa. Asiporejesha, hukatwa kwenye mshahara. Lakini mwenye boti aliyemvusha hana kitabu cha risiti, na mkalimani aliyemsaidia alilipwa mkononi. Ofisi inayoishi kwa mazoea itakataa matumizi hayo, na mtafiti atajifunza moja kati ya mambo mawili mabaya: kutokwenda uwandani, au kutafuta risiti za kubuni. Ofisi inayofikiri ilishaandaa fomu ya mpokeaji asiye na risiti, yenye jina, kazi aliyofanya, kiasi, saini au dole gumba, na ilimpa mtafiti fomu hizo kabla hajaondoka. Udhibiti umebaki palepale, na utafiti umefanyika.

Upande wa ada, shida kubwa ni wakati. Ada huingia kwa mafuriko mwanzoni mwa muhula kisha hukauka, ilhali mishahara inadai kila mwezi, na katika vyuo vingi mishahara na stahiki za wafanyakazi hula zaidi ya nusu ya matumizi yote. Mkurugenzi wa fedha anayefaa anajua leo salio la mwezi wa nne litakuwaje. Asipojua, chuo chenye faida kwenye vitabu kinaweza kushindwa kulipa umeme, kwa kuwa faida ya kwenye vitabu inahesabu pia ada ambazo bado hazijalipwa.

Na ndani ya mafuriko hayo kuna mwanafunzi mmoja ambaye mjomba wake alimlipia benki akaandika jina lake yeye mjomba, bila namba ya usajili ya mwanafunzi. Pesa imeingia. Mfumo haujui ni ya nani, hivyo inakaa kwenye akaunti ya kusubiri, mahali pa malipo yasiyo na mwenyewe. Asubuhi ya mtihani jina la mwanafunzi linaonekana lina deni, na msimamizi mlangoni anayo orodha. Hapo hakuna sera mbaya wala mtu katili. Kuna kazi ya kulinganisha malipo na majina ambayo ama ilifanywa kila siku ama iliachwa irundikane hadi wiki ya mitihani. Chuo kinachomjali mwanafunzi huisafisha akaunti ya kusubiri kila wiki, na huwa na karani mwenye mamlaka ya kuandika kibali cha muda wakati malipo yanatafutwa. Mamlaka hayo yakibaki kwa mkurugenzi aliye safarini, mwanafunzi amepoteza muhula kwa kosa la kuandika jina.

Kipengele kinacholeta ugomvi mwingi kati ya watafiti na ofisi za fedha ni makato ya gharama za pamoja. Mtafiti anapata ruzuku, chuo kinadai asilimia fulani juu yake, naye anaona kama anatozwa ushuru kwa jasho lake. Hoja ya chuo ni ya kweli: mradi unatumia umeme wa friji za nyuzi 80 chini ya sifuri, maktaba, intaneti, ulinzi, kamati ya maadili, mhasibu anayeandaa taarifa za mfadhili, na jengo linalochakaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuandikwa kwa uaminifu chini ya mradi mmoja, lakini vyote vinalipiwa na mtu. Usipolipia mradi, italipia ada ya mwanafunzi.

Ila hoja ya kweli inaweza kutumiwa vibaya, na Marekani ilijifunza hivyo hadharani. Mwaka 1990 na 1991 wakaguzi wa serikali walikuta kwamba katika gharama za pamoja ambazo Stanford ilizipeleka serikalini kulikuwa na uchakavu wa boti ya kifahari. Rais wa chuo, Donald Kennedy, alitangaza kujiuzulu mwaka 1991, na mwaka huohuo serikali ikaweka ukomo wa asilimia 26 kwa sehemu ya utawala ya makato hayo katika vyuo. Baadaye, mwaka 1994, shauri lilimalizwa kwa chuo kulipa kiasi kidogo na serikali kusema haina dai la udanganyifu. Lakini imani ilikuwa imekwishapungua. Mjadala ukarudi kwa nguvu Februari 2025, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, NIH, ilipotangaza kushusha makato yote hadi asilimia 15, uamuzi ambao mahakama ya shirikisho iliuzuia. Mwenye kutaka kulinda makato haya ana njia moja tu iliyo imara, nayo ni kuwaonyesha watafiti wake yanakwenda wapi, mstari kwa mstari, kila mwaka. Chuo kinachoficha hesabu hiyo kwa watu wake wenyewe hakiwezi kuitetea mbele ya mfadhili.

Majengo yanastahili aya zake, kwa sababu ndiyo yanayoumiza polepole. Jengo jipya linafunguliwa kwa utepe na picha. Uchakavu wake hauna sherehe. Kila mwaka sehemu ya thamani yake inakwisha, na kama hakuna kinachowekwa akiba, paa litakapovuja pesa ya kulikarabati itatafutwa kwenye vitabu vya maktaba. Kitengo cha miliki kikiomba fedha za kubadili nyaya za umeme, hakuna mfadhili anayetaka jina lake liandikwe kwenye waya. Hivyo matengenezo huahirishwa, mwaka baada ya mwaka, na deni hilo haliandikwi kwenye mizania ingawa kila anayefundisha katika ukumbi unaovuja analiona.

Deni linaloandikwa nalo lina hatari yake. Cooper Union ya New York ilianzishwa mwaka 1859 na Peter Cooper, mwenye viwanda aliyetaka elimu iwe ya bure kwa wafanyakazi, na kwa zaidi ya karne moja wanafunzi wake walisoma bila kulipa ada. Mwaka 2006 chuo kilikopa dola milioni 175, rehani ikiwa ni ardhi yake iliyo chini ya jengo la Chrysler, ili pamoja na mengine kijenge jengo jipya la masomo, lililofunguliwa mwaka 2009. Mapato yaliyotarajiwa hayakuja kama ilivyopangwa, na mwaka 2013 baraza likatangaza kwamba wanafunzi wapya kuanzia 2014 watalipa. Wanafunzi waliikalia ofisi ya rais wa chuo kwa wiki kadhaa. Mwanasheria mkuu wa jimbo akaingia, makubaliano yakafikiwa 2015, na mwaka 2018 wadhamini wakapitisha mpango wa miaka kumi wa kurudi kwenye elimu ya bure. Ahadi ya mwanzilishi haikuvunjwa na kura ya kufuta elimu ya bure. Ilivunjwa na kura ya mkopo, miaka saba kabla, ambayo wengi waliipigia wakidhani wanapigia jengo.

Ndiyo sababu bajeti ni mahali ambapo dhamira ya chuo huamuliwa kweli, hata kama maneno mazuri yameandikwa kwingine. Vyuo vingi hupanga kwa kuongeza kidogo juu ya mwaka uliopita: kila idara ilichopata, na asilimia kadhaa juu yake. Ni utaratibu wa amani, lakini unazilinda idara zilizozoea kupata na kuzinyima zilizoanza jana. Vingine huacha kila kitivo kijitegemee: mapato yake yabaki kwake, gharama zake kizilipe chenyewe, na kichangie huduma za pamoja. Harvard imeishi na mawazo ya namna hiyo kwa muda mrefu, na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliufanya mfumo rasmi katika miaka ya 1970. Wakuu wa vitivo huanza kufikiri kama wenye mali, na hilo ni jema. Lakini pesa ikifuata idadi ya wanafunzi darasani, kitivo cha uhandisi kinaweza kuanza kufundisha hisabati yake chenyewe ili ada isivuke barabara kwenda idara ya hisabati. Mwanafunzi anafundishwa na asiye bingwa wa somo, idara ya hisabati inanyauka, na kwenye karatasi kila kitivo kimefanya uamuzi wa busara. Mfumo wowote wa bajeti ni fundisho kwa watu kuhusu kinacholipa, kwa hiyo wanaouchora wanapaswa kukaa na Seneti, chombo cha wanataaluma wa chuo, si na wahasibu peke yao.

Kuhusu rasilimali watu nitasema machache, ingawa si kwa sababu ni padogo. Ikama, yaani nafasi za kazi zilizoidhinishwa, isiyojazwa kwa wakati inamaanisha mhadhiri mmoja na wanafunzi mia nne. Jalada la kupandishwa cheo lililopotea masjala linamfukuza mtafiti mzuri kuliko mshahara mdogo unavyomfukuza, maana mshahara mdogo aliujua alipoanza kazi. Na kumbukumbu za matokeo lazima ziwepo miaka 30 baadaye, siku mhitimu atakapozihitaji na idara aliyosoma imekwishabadilishwa jina mara mbili.

Lawama kwamba utawala unavimba ina msingi. Kila kashfa huzaa fomu mpya, kila sheria huzaa ofisi ya kuisimamia, na ni nadra sana kusikia fomu imefutwa. Kipimo changu ni kuhesabu siku, kwa sababu idadi ya watumishi haisemi mengi. Dokezo linachukua siku ngapi kuwa oda, mhadhiri mpya anasubiri siku ngapi mshahara wa kwanza, mwanafunzi siku ngapi nakala ya matokeo? Watumishi wakiongezeka na siku zikapungua, chuo kimenunua kitu. Watumishi wakiongezeka na siku zikaongezeka, fedha za masomo zimelipia foleni.

Mhadhiri au mwanafunzi hana haja ya kusubiri kuambiwa hali ya chuo chake. Pale hesabu zilizokaguliwa zinapotolewa hadharani, azifungue, na asiishie kwenye maoni ya mkaguzi, kwani hati safi ina maana tu kwamba hesabu zimeandikwa kwa haki, haina maana kwamba chuo kina afya. Aende kwenye maelezo ya nyuma. Atazame fedha zenye masharti ni kiasi gani, kisha alinganishe na fedha taslimu zilizopo benki pamoja na uwekezaji. Hivyo viwili vikiwa pungufu, huenda kuna ruzuku ya mtu imetumika pasipo pake. Atazame kiasi kilichotumika kwa matengenezo dhidi ya uchakavu wa mwaka. Halafu atazame madeni ya wazabuni na umri wake, siku 30, 60, 90 na zaidi. Safu ya mwisho ikinenepa miaka miwili mfululizo, wazabuni wa kemikali na wa karatasi za mitihani wataanza kudai walipwe kabla ya kuleta mzigo, na hapo maabara zitakuwa zimejua kabla baraza halijakaa.